Waya wa Kompyuta ya Baba

Katika chama chetu cha kompyuta za zamani hapa mjini Ballarat, siku ya maonyesho, mwanachama ambaye skrini yake bado ni nyeusi milango inapofunguliwa hunyang'anywa meza. Zilibaki dakika kumi, na skrini ya kompyuta ya marehemu baba ilikuwa nyeusi tii.

“Si ungenunua waya wa dukani, binti?” Darryl, mwenyekiti wetu, akanicheka.

Nikafungua kichwa cha waya wa skrini nilioutengeneza mwenyewe. Kumbe pini zake tano nilikuwa nimezipanga kwa kufuata mchoro wa upande wa mbele, ilhali lehemu hutiwa nyuma, ambako kulia huwa kushoto. Nikayeyusha lehemu, nikahamisha nyuzi, nikachomeka.

Mchezo alioutunga baba mwaka 1984 ukawaka kwenye skrini, jina la baba juu.

“Bado unasema ningenunua wa dukani, mwenyekiti?”

Darryl akavuta kiti. “Kelele wewe. Nipishe nicheze.”