Vidole Vinne vya Pembeni

Nyumbani walimwita Chapuchapu, na jina lilimkaa kama nguo iliyoshonwa kwa vipimo vyake. Alikula amesimama, alijibu kabla swali halijaisha, na alipokuwa mtu mzima akaajiriwa studio ya picha, wateja walimpendea hilo hilo. Unakaa kwenye kiti, unakunja uso, na kabla hujaukunjua picha yako imeshatoka. Basi mtu wa namna hii ndiye aliyekabidhiwa kazi iliyotaka utulivu kuliko zote, kuandaa picha za marehemu baba yake ziingie kwenye tovuti.

Baba alikuwa mchoraji. Alichora kwenye mbao za plaiwudi, kwa rangi za kupakia milango, na alichora vitu ambavyo wengine huvipita tu: kiti cha kinyozi, baiskeli iliyopinduliwa magurudumu juu, viatu vilivyovuliwa mlangoni. Maisha yake yote hakuna ofisi iliyomtafuta. Alipokwisha kuzikwa ndipo nyumba ya sanaa ya mjini ikakumbuka kwamba alikuwepo. Ndivyo tulivyo, mtu mpaka afumbe macho ndipo tumkodolee yetu. Nyumba hiyo ilikuwa inatengeneza tovuti ya wachoraji wa mji, na marehemu akapewa ukurasa wake.

Fundi wa tovuti alituma maelekezo yaliyonyooka. Kila picha ipigwe peke yake, uso kwa uso, bila mng'ao wa jua. Kila kilichoizunguka kikatwe: ukuta, msumari, mkono wa aliyeishika. Kila faili lipewe jina la picha yenyewe, si zile tarakimu za kamera. Na zote zifike Ijumaa kabla ofisi haijafungwa, kwani baada ya hapo tovuti inafunguliwa kwa watu, na ukurasa utabaki ulivyo mpaka mwakani.

Chapuchapu aliianza kazi hiyo Ijumaa yenyewe asubuhi. Mama yake alizitoa mbao stoo moja moja, akazifuta vumbi kwa kitambaa kibichi na kuziegemeza ukutani, penye kivuli. Kisha akashika shuka jeupe juu, kama alivyoelekezwa, ili mwanga urudi kwenye picha.

"Inua kidogo, mama. Hapo hapo. Usipumue."

"Nisipopumua utanizika na mimi," mama akajibu, na wote wawili wakacheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza cha kweli tangu msiba.

Kumbe kicheko kile ndicho kilichokuwa chepesi kuliko vyote vya siku hiyo. Chapuchapu aliingia ndani, akakaa mbele ya kompyuta, akaanza kukata. Ukuta ukaenda. Misumari ikaenda. Vidole vya mama vilivyoshika shuka vikaenda. Na mapindo nayo yakaenda.

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo. Wazazi wake walipokuwa wachanga kwenye ndoa, mteja mmoja aliirudisha picha ya baba akisema haina fremu, ataitundikaje sebuleni kama kalenda? Fremu haikuwepo, wala mbao za kuitengenezea. Mama akatoka jikoni, akafuta mikono, akachukua rangi iliyobaki kwenye kopo, akaizungushia ile picha pindo la majani madogo madogo pande zote nne. Mteja aliporudi aliibeba bila kusema neno. Tangu siku hiyo baba hakujaza ubao tena. Aliacha upana wa vidole vinne pembeni, mtupu, akampelekea mkewe huko huko jikoni. "Mvike huyu asitoke uchi," alikuwa akisema. "Hapa pembeni ni kwako."

Na mama akavika. Majani, mawimbi, vitone, minyororo ya maua, na pindo moja halikufanana na jingine. Kazi hiyo waliiita kuifunga picha. Picha isiyofungwa haikutoka nyumbani wala haikupewa jina. Ikishafungwa, walikaa wote wawili wakaitazama, ndipo baba akatamka inaitwaje.

Chapuchapu alijua yote haya. Alikua akiyaona mapindo yale kila siku, kama mtu anavyoona vitasa vya milango ya kwao, na pengine ndiyo sababu mkono wake haukusita. Maelekezo yalisema akate kilichoizunguka picha, naye akakata. Tena zilimpendeza. Aliona zimekaa kisasa, zimejaa kioo chote. Akazihifadhi juu ya zile zile za mwanzo, akafuta na kadi ya kamera, maana hapendi uchafu kwenye mashine.

Mama aliingia na kikombe cha chai, akasimama nyuma yake. Binti akampitishia picha moja baada ya nyingine.

"Ndizo hizo?" mama akauliza.

"Ndizo. Nimezisafisha. Unazionaje?"

Mama aliinama karibu na kioo. "Zimependeza," akasema. Akageuka, akaenda zake stoo kuzifunika mbao. Kikombe cha chai aliondoka nacho.

Chapuchapu hakukigundua hata hicho kikombe. Alikuwa mbioni kuandika majina, na faili lililopata jina lilitumwa papo hapo. Kinyozi Ameenda Kula. Baiskeli ya Jirani. Wageni Wamo Ndani. Fundi akajibu kwamba amezipokea na anazipanga. Ikabaki moja tu, ya mwisho kabisa kuchorwa: meza ya jikoni na kiti kilichovutwa nyuma, kana kwamba aliyekikalia amenyanyuka sasa hivi.

"Mama!" akapaza sauti. "Hii ya kiti inaitwaje?"

"Haina jina," sauti ikatoka stoo.

"Sasa niandike nini? Wanataka jina."

"Haina jina, mwanangu. Haijafungwa."

Ni kweli. Baba alimaliza kukichora kile kiti, akaacha vidole vyake vinne, akafariki kabla hajaupeleka ubao jikoni. Mama hakuugusa kwa brashi. Tangu mazishi ulikuwa umegeuziwa ukuta, na asubuhi hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kutolewa nje.

Chapuchapu akairudia picha kwenye kioo autazame ule utupu wa pembeni. Haukuwepo. Akazifungua zote kwa pamoja, zikajipanga mbele yake, na ile isiyofungwa ilikuwa sawasawa na zilizofungwa. Hakuna mtu duniani angeweza kuzitofautisha. Miaka yote ya mama yake pale pembeni, na yeye ameipitishia mkasi kabla chai haijaletwa. Alisikia aibu ikimpanda mwilini mpaka masikioni.

Alimkuta mama amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, mbao zote ameshazifunika kwa mashuka. Chai ilikuwa imepoa miguuni pake.

"Mama, mbona hukusema?"

"Niseme nini? Ukurasa ni wa baba yako."

"Na mapindo?"

"Watu wanataka kumwona mchoraji." Mama akaanza kukunja kitambaa chake, akakikunjua, akakikunja tena. "Lakini sitakuficha. Nilipoziangalia pale kwenye mashine, nilijiona kama sikuishi humu ndani."

Chapuchapu alipiga magoti hapo hapo sakafuni. "Nisamehe, mama," akasema. "Nimekukata." Mama akamwekea mkono kichwani.

Picha za mwanzo hazikuwepo tena, alizifuta mwenyewe kwa mkono wake mwepesi. Akampigia fundi wa tovuti.

"Kaka, nakuomba uzitoe zile zote. Naleta nyingine."

"Dada, zimeshakaa vizuri, mbona? Mimi jioni nafunga. Zisipofika, hizi ndizo zitakazoonekana."

"Zitafika."

Wakazifunua mbao upya. Jua lilikuwa limehama, na kivuli cha asubuhi sasa kilikuwa upande wa pili wa nyumba, kwenye kamba za nguo. Wakazianua nguo zote mbichi. Safari hii Chapuchapu hakumwambia mama apumue wala asipumue. Alipiga kila picha polepole, akaikagua pembe zake nne, ndipo akaigusa inayofuata. Kwa mara ya kwanza tangu utoto aliyatazama yale mapindo kwa karibu, akaona mahali mkono wa mama ulipotetemeka na mahali ulipochangamka. Kwenye picha ya viatu kulikuwa na jani moja dogo la rangi nyekundu kati ya mengi ya kijani, na hakuwahi kuliona.

"Hili jekundu?" akauliza.

"Siku hiyo ulikuwa umezaliwa," mama akasema. "Shusha kamera, jua linaondoka."

Ubao wa kiti ukabaki wa mwisho. Chapuchapu aliutazama, akamtazama mama. "Rangi zipo stoo," akasema taratibu. "Ukitaka kuifunga, nitasubiri. Hata tukichelewa."

Mama alipitisha kiganja pembeni mwa ule ubao, pale palipoachwa patupu, upande hadi upande. Machozi yalimtoka wala hakuyafuta. "Nikiifunga, basi amemaliza," akasema. "Sijawa tayari amalize. Ipige hivyo hivyo."

"Na jina?"

"Iandike Bado."

Zilitumwa jioni ileile, pindo kwa pindo, na mtandao ukiburuta miguu. Kwa kila picha Chapuchapu aliandika wachoraji wawili. Haukupita muda simu ikalia, naye akaiweka mezani kwa sauti ya wazi.

"Zimefika zote, ahsanteni," fundi akasema. "Hayo mapindo yamenishangaza, sikujua. Ila hii inayoitwa Bado imebaki na nafasi tupu pembeni, kama haikumalizika. Si niikate kidogo, ifanane na—"

Chapuchapu alishafungua mdomo, kama kawaida yake. Mama akamshika mkono, akaisogelea simu.

"Usikate, baba," akasema. "Hapo ni kwangu."