Mpaka ni Mpaka

Mwalimu Ezron, anayetufundisha Kiingereza, hapendi maswali. Anapenda tuitikie "Yes, sir" kama watoto wa chekechea, sisi watu wazima tunaouza mchele na vitenge hapa Tunduma.

Jumanne ile nilimuuliza swali moja tu. Baba yangu, dereva wa lori Mzambia ambaye sijamwona tangu nizaliwe, alikuwa amenitumia ujumbe wake wa kwanza: "I will be in Nakonde until Friday." Nakonde ni ng'ambo tu ya mpaka, upande wa Zambia. Kiswahili hajui, nami Kibemba changu ni cha kuuzia mchele. Kumuuliza mwenyewe niliona aibu. Unaanzaje na baba yako kwa kumwonyesha ujinga?

"Mwalimu, 'until Friday' na 'by Friday' zina tofauti gani?"

Akacheka. "Dina, wewe nawe! Zote ni mpaka Ijumaa. Mpaka ni mpaka. Tuendelee."

Darasa zima likacheka naye. Basi nikaelewa kama tunavyosema sisi: mpaka Ijumaa atakuwa amefika. Nikasema mzee afike, alale, apumzike. Jumamosi asubuhi nikachinja jogoo, nikavuka na hotipoti mkononi.

Kwenye maegesho ya malori, mama muuza chai alinionyesha nafasi tupu yenye madoa ya oili. "Yule mzee? Alikuwa hapa tangu Jumanne. Kila binti akipita, yeye anasimama kumtazama. Ameondoka jana jioni."

Nilikaa palepale chini nikalia kwa hasira. Siku zote hizo alikuwa ng'ambo tu ya geti, na mimi nahangaika kutafuta jogoo!

Jumatatu niliingia darasani, sikuketi. "Mwalimu, until na by."

Akanitazama usoni, akachukua chaki. "Until, yupo hadi siku hiyo, kisha anaondoka. By, anafika siku hiyo au kabla yake."

Kumbe alikuwa anajua! Sentensi mbili, hata chaki haikupungua. Angekuwa hajui ningemsamehe, wajinga tuko wengi. Huyu alikuwa anajua, akaona mimi sistahili kujibiwa.

Nikampokonya chaki. Nikaandika ubaoni ujumbe wa baba ulioingia Jumapili, wa mwisho, maana tangu hapo namba ile haipatikani: "I waited until Friday."

"Haya, tafsirini."

Tusekile, anayekaa mbele, akasoma polepole. "Nilisubiri... mpaka Ijumaa."

Safari hii hakuna aliyecheka. Ezron akanyoosha mkono kuchukua dasta.

"Usifute," nikamwambia. "Iache hapo mpaka arudi."