Ngoma Isiyomgeuza Winifred

Winifred Goss aliponikabidhi mfuko wa viatu vyake vya kuchezea ngoma, nilijua hafanyi mzaha. Ilikuwa Aprili, barabara zetu za Vermont zote tope tupu baada ya theluji kuyeyuka, naye alikuwa amesimama barazani kwake na fimbo mkononi. Januari hakuwa na fimbo.

“Vitafutie mtu mwenye mguu kama wangu,” akasema. “Visikae bure.”

“Mguu kama wako nitaupata wapi, Winnie? Una mguu wa bata.”

“Basi mpe bata.”

Hakucheka. Akaingia ndani na kufunga mlango, nami nikabaki na ule mfuko kama mtu aliyekabidhiwa maiti.

Ugonjwa wake ulikuwa wa sikio la ndani. Kutembea mbele aliweza, hata haraka. Lakini chochote kilichomgeuza, hata kujigeuza upesi kitandani, kilimletea kizunguzungu mpaka sakafu ikamjia usoni. Daktari alikuwa amemwambia azoee. Na sisi ngoma yetu ni kontra: mistari miwili mirefu inatazamana, wawili wawili mnasafiri kwenye mstari mkikutana na wenzenu wapya, na kila mzunguko wa muziki lazima mtu akukumbatie kiunoni mzungushane mpaka taa za ukumbi ziwe mstari mmoja. Ukiondoa kule kuzungushana, watu wanakwenda nyumbani. Nimewahi kujaribu, wakanikimbia kweli.

Mimi naitwa Merrill Cobb. Wakati wa baridi naendesha greda la kuondolea theluji mjini kwetu, na Jumamosi mbili za kila mwezi nasimama jukwaani katika ukumbi wa mji, kando ya wapiga muziki, nikiwaitia watu hatua. Hatua nyingine natunga mwenyewe. Kazi hiyo nilifundishwa na Winifred, na kwa kweli kujifunza kuita hatua ni sehemu ndogo tu ya mambo aliyonitendea.

Miaka thelathini na moja iliyopita niliingia ukumbi ule kwa sababu tanuri lao la kupasha joto lilikuwa limezimika, nikaitwa kulitengeneza. Mke wangu alikuwa ameondoka Oktoba. Toka Oktoba hadi Februari sidhani kama nilikuwa nimezungumza na mtu jambo lolote zaidi ya barafu na tope. Nilikuwa nimepiga magoti chini ya ukumbi na spana yangu, muziki ukivuma juu ya kichwa changu, Winifred akateremka ngazi akaniambia wamepungukiwa mtu mmoja. Nikamwambia siwezi kucheza. Akasema, “Sikukuuliza kama unaweza,” akanishika mkono wangu uliojaa masizi. Jioni ile nilishikwa mikono na watu arobaini. Mtu aliyekaa miezi minne bila kuguswa na mwenzake anajua ninachosema. Nilirudi kwenye gari langu nikalia kama mtoto, na Jumamosi iliyofuata nikanawa mikono vizuri nikarudi.

Sikuwahi kumwambia asante. Watu wa kwetu hatusemi mambo hayo, tunapelekeana kuni. Nimempelekea Winifred kuni za miaka thelathini, kavu, zimepasuliwa vizuri, na kila mwaka alilalamika kwamba ni ndefu kwa jiko lake.

Sasa, nikiwa na mfuko wake wa viatu kwenye kiti cha abiria, niliona wazi kwamba kuni hazitoshi. Mwanamke aliyenitoa kwenye shimo asingekaa nyumbani kila Jumamosi akisikiliza redio huku mimi nawachezesha wengine. Lazima iwepo ngoma ambayo yeye anatembea tu na wengine wote wanazunguka. Kama haipo, nitaitunga.

Kwa mistari miwili ya kawaida haikuwezekana. Kila nafasi huzungushwa. Nikaacha mistari, nikajaribu watu watatu watatu: safu ya watatu ikitazamana na safu ya watatu, na makundi hayo ya sita sita yakipangwa kuuzunguka ukumbi wote kama pete. Walio pembeni wazungushane na wale wa mbele yao kadiri wapendavyo. Aliye katikati aende moja kwa moja tu: mbele, kwa mwenzake wa katikati, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, wapishane begani wabadilishane safu.

Watungaji wote ninaowajua hufanya kazi hii kwenye meza ya jikoni, na vichupa vya chumvi na pilipili. Mimi nilihitaji kumi na viwili, nikatoa mpaka viungo vya keki. Winifred alikuwa chupa ya mdalasini. Jioni nne nzima nilisukuma vichupa nikihesabu kwa sauti, chakula changu kikipoa kando, na jioni ya nne mdalasini ukapita katikati ya chumvi ukafika upande wa pili bila kuzungushwa hata mara moja. Nilipiga meza kwa furaha, pilipili ikamwagika, nikapiga chafya mpaka nikachoka.

Kesho yake nikaenda kwake na kadi ndogo niliyoandikia hatua.

“Nikitaka kuhurumiwa nitakwenda kanisani,” akasema, hata kabla sijavua kofia.

“Nani anakuhurumia? Nimepungukiwa mtu wa katikati.”

“Mwongo.”

“Mwongo mkubwa. Soma kadi.”

Akaisoma, kisha akaisoma tena akiisogeza mbali na macho. Vidole vya mkono wake mwingine vilikuwa vinatembea mezani, vikifuata hatua.

“Mara moja,” akasema mwishoni. “Nikiyumba, sitaki kuviona tena vikadi vyako mlangoni kwangu. Umenielewa, Merrill? Kuanza kuaga kulinichukua miezi mitatu. Sitaanza upya.”

Alhamisi mchana tulikutana ukumbini, wachezaji kumi na wawili tu. Lucien Gagnon, mpiga fidla wetu, alikaa ukingoni mwa jukwaa. Mkewe Solange alisimama kushoto kwa Winifred, mimi kulia. Buti zetu zenye tope tuliziacha mlangoni kama kawaida, maana sakafu ile ya mbao haikanyagwi na buti hata uwe gavana. Winifred aliniomba viatu vyake. Nilikuwa nimekuja navyo.

“Bata alivikataa?” akauliza.

“Alisema vinanuka.”

Lucien akaanza taratibu. Safu mbele, safu nyuma. Walio pembeni wakazungushana, na Winifred akampa yule wa katikati wa mbele yake mkono wa kulia, kisha wa kushoto, uso umemng'aa kama wa msichana. Wakapishana. Alitembea safi, mgongo wima, mpaka nafasi ya upande wa pili. Na hapo akajikuta anatazama nje ya kundi.

Kichupa cha chumvi hakina uso wala kisogo. Ukikisukuma upande wa pili wa meza kimefika, basi. Mtu akifika upande wa pili anakuwa amewapa wenzake mgongo, na ili aingie kwenye safu lazima ageuke. Jioni nne nimekaa na vile vichupa, mimi niliyecheza miaka thelathini na moja, na sikuliona hilo.

Winifred aligeuka, kwa sababu ngoma ilimtaka ageuke. Mguu mmoja ukakosa pa kukanyaga, mikono ikatafuta hewa, Solange akaruka kutoka upande wa pili akamdaka kwa nguvu, wakakaribia kuanguka wote wawili. Fidla ikanyamaza.

Tukamkalisha kwenye benchi. Rangi ilikuwa imemtoka usoni. Alifumba macho kitambo, na alipoyafumbua hakunitazama mimi, alizitazama buti zake kule mlangoni.

“Nileteeni buti.”

“Winnie, kosa ni langu.”

“Najua ni lako. Nileteeni buti.”

Nilimletea. Nilipiga magoti nimsaidie kuvaa, akaniondoa mkono. Nilikuwa nimemfanyia kitu kibaya kuliko ugonjwa: nilimrudishia tamaa kisha nikaivunja mbele ya watu. Nilitamani sakafu inimeze.

“Na nilikuwa nakwenda vizuri,” akasema akivuta kamba ya buti ya kwanza kwa hasira. “Vizuri kabisa! Kisha unanigeuza. Ya nini kunigeuza? Ungeniacha niende zangu.”

Niliinua kichwa nimjibu. Wenzetu walikuwa bado wamesimama palepale walipokuwa muziki ulipokatika, hawajui waondoke au wabaki. Nikaangalia pale alipokuwa amesimama Winifred, na mbele ya pale, yaani kule uso wake ulikokuwa unaelekea. Kundi la pili lilikuwa limesimama hapo limetupa mgongo. Katika safu yake ya karibu walikuwapo wawili tu, na kati yao pengo. Mtu wao wa katikati naye alikuwa amekwenda mbele, na wa kubadilishana naye alikuwa bado hajafika. Pengo lile lilitazama upande uleule aliokuwa akiutazama Winifred. Kama asingegeuka, kama angepiga tu hatua nne zaidi, angeingia humo kama mkono kwenye glavu.

Kusema kweli, nilisita. Niliitunga ngoma ile ili nisimame kando yake. Nilishaona picha yake kichwani: mimi na Winifred katika kundi moja wimbo mzima, na mahali fulani katikati nipate ujasiri wa kumwambia lile nililokuwa nimelimeza miaka yote. Na hii mpya ingemchukua kwangu baada ya nusu dakika ya kwanza, impeleke kwa wengine, kisha wengine, kuuzunguka ukumbi wote. Basi, sikusita sana.

“Vua hiyo buti,” nikamwambia.

“Nilisema mara moja.”

“Ile imekufa. Hii ni ngoma nyingine.”

“Una kichwa kigumu wewe.”

“Nimefundishwa na nani?”

Solange akacheka kwanza, kisha Lucien. Winifred akaacha kuvuta kamba. Nikamwelezea kwa kidole, hatua nne, pengo, hakuna kugeuka popote. Akalifuata lile pengo kwa macho, akalipita, akalifuata lililofuata. Akaanza kufungua kamba.

Jumamosi walikuja watu wengi kuliko nilivyotarajia. Habari mjini kwetu haihitaji gazeti. Meza ya chakula ilijaa maharagwe ya kuoka na donati, na mtu alikuwa ameleta achari ambayo hakuna aliyeigusa. Baada ya mapumziko nikawaambia wajipange watatu watatu. Tulipata makundi matano. Nikawapitisha hatua kwa hatua bila muziki, na palikuwa na bwana mmoja kutoka mji wa jirani, mmoja wa wale wanaopenda kumpindua kila mwanamke mara tatu pasipoombwa. Nikamwambia kwenye kipaza sauti: walio katikati hawageuzwi, hata kidogo, hata kwa mapenzi. Ukumbi ukacheka. Winifred hakucheka, alikuwa anafunga viatu.

Nikashuka na kipaza sauti mkononi nikasimama kulia kwake. Lucien akaanza, piano ikamfuata.

Safu mbele, safu nyuma. Nilizungushana na mtu wa mbele yangu huku shingo nimeipinda nimwone yeye. Mkono wa kulia. Mkono wa kushoto. Akapishana na mwenzake, akafika pale alipoyumba Alhamisi, na hakupunguza mwendo. Hatua moja, mbili, tatu, nne. Akaingia kwenye pengo, watu wawili wakamshika mikono, na nikasikia sauti ya Solange ikisema, “Mungu wangu,” kwa Kifaransa cha bibi yake.

Niliita hatua mara mbili zaidi kisha nikanyamaza, kwa sababu hapakuwa na haja. Kipaza sauti nikakiweka jukwaani. Nilimwona akipita ukumbi mzima. Nilimwona akishikwa mkono na mwalimu wa shule aliyefundishwa naye kucheza, na muuza mbao aliyefundishwa naye, na mama na binti yake waliofundishwa naye kwa nyakati mbili tofauti. Kila aliyemfikia alikuwa na jambo la kumwambia, na muziki ulimwachia nafasi ya kusema maneno mawili matatu tu kabla hajaondoka. Mwalimu alikuwa analia waziwazi. Yule bwana wa mapinduzi, akiwa upande wa mbele yake, alimwinamia kwa adabu ambayo sikujua anayo.

Mara ya sita akarudi kwangu. Akaingia kati yangu na Solange, jasho usoni, nywele zimemfunguka, akanipa mkono wake. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Safu ilikwenda mbele, safu ikarudi nyuma, nami nilikuwa na neno moja tu mdomoni.

“Asante,” nikasema. “Winnie, asante. Kwa ile Februari. Kwa yote.”

Akanitazama. Nadhani alijua siku zote, na nadhani pia alikuwa anangoja. Akaubana mkono wangu mpaka mifupa ikauma.

“Haya, niachie,” akasema. “Nina watu pale.”

Nikamwachia, akaenda.

Kwetu anayeita hatua ndiye anayewaambia wapigaji wamalize: unanyanyua kidole kimoja, nao wanajua umebaki mzunguko mmoja. Wimbo ulikuwa umeshapita urefu wa kawaida. Lucien alikuwa ananitazama juu ya fidla yake, nyusi zimepanda, mkono wake wa upinde umechoka, anangoja kidole. Mimi nilikuwa namtazama Winifred mgongoni, kundi la pili, akiendelea kuelekea la tatu.

Kidole sikukinyanyua.