Uso Kwenye Kifuniko cha Poda

Habari hii nilipewa na mwenyewe, msimu wa baridi uliopita, tukiwa kwenye benchi la kliniki ya macho. Tulikuwa tumetiwa matone ya kupanua mboni na kila kitu kimegeuka ukungu. Yeye kwangu alikuwa kitambaa cheupe kichwani, na mimi kwake sijui nilikuwa nini. Mtu huwa mwepesi wa kusema akijua haonwi vizuri. Alianza na mafuta ya mgando.

Mafuta ya mgando ndiyo yaliyompeleka dukani. Alikuwa mshona mapazia, na kitambaa kizito hula ngozi ya vidole kama chokaa. Aliingia duka la vipodozi lililo mkabala na benki, akapita rafu za sabuni, akapita manukato, na pale penye meza ya kioo yenye taa zake akakutana na uso wake mwenyewe.

Haukuwa uso aliotoka nao nyumbani asubuhi. Ulikuwa ule wa zamani, wa mwanamke ambaye bado anapanda ngazi bila kushika ukuta: shingo ndefu, midomo iliyofumbwa kama inayozuia kicheko, na hereni sikio moja tu. Ulikuwa juu ya vifuniko vya poda, ubavuni mwa rangi za mdomo, kwenye vipochi, kwenye vitana, kwenye mikoba. Hereni nazo ziliuzwa papo hapo, moja moja, kila moja ndani ya kijisanduku chake imelala kama yai. Na chini ya kila uso liliandikwa jina la dada yake.

"Karibu, bibi," msichana wa duka alisema. "Umempenda? Huyo ni mchoraji mkubwa, alishafariki. Alijichora mwenyewe."

"Alijichora?"

"Mwenyewe! Tena akiwa mgonjwa, mdomo umekwenda upande. Lakini ona alivyojiona moyoni. Soma hapa: *Uso ulioushinda ugonjwa.*"

"Na hiyo hereni moja?"

"Hiyo ni huzuni, bibi. Wanasema ile nyingine ni nafsi yake iliyopotea."

Ile nyingine ilipotelea kwenye vipande vya pazia la hoteli, mshona mapazia alikumbuka, na aliitafuta akitambaa kwa magoti mpaka akachelewa kwenda kwa dada yake. Msichana alimpaka poda kidogo mgongoni mwa kiganja, akainamisha kichwa akipima, akacheka kwa upole.

"Hii haikufai, bibi yangu. Imetengenezwa kwa ngozi ya huyu."

Alitoka dukani bila mafuta.

Dada yake alikuwa na kawaida yake. Kila mwaka, mwezi aliozaliwa, alijifungia chumba cha mbele, akasimamisha turubai kando ya kabati la nguo lenye kioo mlangoni, akajichora. Watu wa maonyesho waliisubiri picha hiyo kama mkulima asubirivyo wingu. Kisha kiharusi kikampitia. Kikamwachia mkono, kikamwachia akili, kikauchukua upande mmoja wa uso. Mwezi wake ulipofika alikaa mbele ya kabati, akatazama, akainuka, akakitundikia kioo shuka. Ndipo akamwita mdogo wake.

"Kaa hapo."

"Wapi?"

"Hapo penye kioo. Leo wewe ndiye kioo changu. Usipumue kwa nguvu."

"Kioo chako kina njaa, dada."

"Vioo havili. Tulia."

Hata nywele alimchania upande usio wake, kwa kuwa kioo hugeuza mambo, na mchoraji hakutaka jicho kali ligundue. Kazi ilipokwisha aliosha brashi zake, kisha akasema bila kugeuka: "Wakijua watasema nimekwisha. Niazime uso wako mpaka nife. Nikishakufa, uchukue."

Mshona mapazia alicheka, akasema uso si sufuria. Hata hivyo alimwazima, na miaka yote ile hakumnong'oneza mtu. Dada yake akasifiwa, akaandikwa, akazeeka na sifa zake. Yeye akaendelea kukunja pindo za mapazia ya watu. Hakuona wivu. Alijua kuna kitu chake mahali fulani, kimehifadhiwa, na mwenye kuhifadhiwa kitu hulala vizuri.

Jioni ya maziko ndipo alipomwambia binti yake, wakiosha vikombe vya wageni. Alimwambia kwa sababu binti ndiye aliyeachiwa picha zote, maana mchoraji hakujaliwa mtoto. Binti alimkumbatia na mikono yake ya povu. "Kumbe ni wewe, mama! Nilikuwa naona! Siku zote nilikuwa naona!"

Basi kutoka dukani alikwenda moja kwa moja ofisini kwa binti, kama mtu anayepeleka habari ya moto. Njiani alimwonea huruma. Mtoto wa watu ameibiwa, alijisemea, wamechukua picha bila kumwuliza, na yeye hana habari. Alimkuta mezani, amezungukwa na vifuniko vya poda vilivyopangwa kama vikombe vya chai. Binti alijaribu kuvifunika kwa skafu yake. Skafu ilikuwa fupi.

"Nilitaka nikuambie baada ya sherehe ya Jumamosi, mama."

Mshona mapazia alitafuta kiti. "Zipo picha tele alizojichora kwa kweli. Kwa nini hii?"

Binti aliinamisha macho. "Kwa sababu ndiyo nzuri kuliko zote."

Neno lile lilimwingia kama kisu kilichopakwa asali. Hakujua kwanza ahisi utamu au uchungu.

"Basi waambie ni mimi."

"Nikisema, hakuna kitu tena. Watu hawanunui uso, wananunua kisa. Mgonjwa aliyejichora mzima! Mshona mapazia aliyekaa kwenye kiti, samahani mama, nani atajipaka hiyo?"

"Sikuomba wanipake. Waendelee na poda yao. Mama yako mkubwa aliuazima uso kwangu, amekufa, nauchukua. Aliyebaki anayejua ni wewe peke yako."

Binti aliishika ile mikono iliyochanika, akaibusu. "Sawa, mama. Nitasema. Jumamosi, mbele ya watu wote. Uje umevaa lile gauni la kijani."

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa. Ukutani walikuwa wametundika uso ule, mkubwa kama mlango wa gereji, na wanawake walipiga picha chini yake wakifumba midomo kwa mtindo ule ule. Kila mmoja alikuwa na hereni moja. Mshona mapazia aliketishwa mstari wa mbele. Alikuwa amechana nywele zake upande ulio wake, na mkoba ameuweka magotini.

Binti alipanda jukwaani. Alipendeza. Midomo yake ilikuwa na rangi ileile iliyoko kwenye vipochi.

"Mama Mkubwa alikaa peke yake mbele ya kioo," alianza. "Ugonjwa ulikuwa umemwondolea nusu ya uso. Akautazama, akakataa kushindwa."

Mshona mapazia alisubiri neno *lakini*. Hotuba ilikwenda, ikapinda kona, ikapanda, ikashuka, ikafika mwisho, na *lakini* haikutokea.

"Na leo tunaye hapa mdogo wake, mama yangu mzazi, aliyemtunza na kumpikia chai."

Watu walimgeukia. Mshereheshaji, kijana mwenye meno mengi, alimletea kipaza sauti. "Bibi yetu, ukimwona pale ukutani, unajisikiaje?"

Alisimama.

"Yule si yeye," alisema, na sauti yake ikamrudia kutoka pembe zote za ukumbi. "Yule ni mimi. Dada yangu alinikalisha kwenye kiti, akanichora mimi."

Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Jamani!" kwa sauti ya machozi, na mshereheshaji akaweka mkono kifuani.

"Mnasikia? Ndugu ni uso mmoja! Akimtazama dada yake, anajiona yeye!"

Makofi yakamiminika kama mvua juu ya bati.

"Sisemi mafumbo," alisema, lakini kipaza sauti kilikuwa kimeshakwenda.

Akamtafuta binti yake. Katika umati wote ule ni mtu mmoja tu aliyejua kuwa mzee huyu hajapamba neno. Macho yao yalikutana. Palikuwa na nafasi ya sentensi moja. Hata sentensi ilikuwa nyingi, kutikisa kichwa tu kungetosha. Binti aliinua mikono yake, akapiga makofi pamoja na wengine.

Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema waliotutangulia. Lakini nguo mtu huivua, akaikung'uta, akaianika. Huyu alitoka tumboni.

Alirudi nyumbani kwa miguu, kwa sababu hakutaka dereva wala abiria amtazame usoni. Watu aliopishana nao hawakumtambua, ingawa wawili watatu walikuwa wamembeba mkononi, ndani ya mfuko wa karatasi.

Jua lilikuwa bado halijatua binti alipofika. Alimkuta mama yake amekaa kitandani na gauni la kijani, hajafungua hata kifungo.

"Umekula, mama?"

"Nimeshiba makofi."

Binti alivua viatu, akaviweka mlangoni kwa mpangilio kama mgeni. "Ningenyamaza, wangeshtuka. Nilipiga ili wasielewe."

"Najua. Nilikuona ukifikiri."

"Ukumbi mzima, mama! Ungefanya nini ungekuwa mimi?"

"Ukumbi haunijui. Wangenicheka, wangenizomea, isingekuwa neno. Mimi nilikuwa nakutazama wewe."

Nje mtu alikuwa akiburuta ngazi kwenye sakafu, na wote wawili wakaisikiliza kama jambo la maana sana.

"Nikisema sasa, wataniita mwongo," binti alinong'ona.

"Kwani siyo?" Aliuliza bila ukali, kama mtu anayeuliza saa.

Binti alitazama viatu vyake, akasema, "Niende?"

"Viatu si umeshavua? Lala."

Binti alijitupa kitandani hivyo hivyo, na rangi zake zote. Mama yake alimtazama kwa muda mrefu. Alitaka kumchukia, akajaribu kwa bidii. Chuki ikawa kama uzi usiotaka kuingia tundu la sindano. Mwishowe akainuka, akachukua pamba na mafuta kidogo.

"Ukilala na haya madude utaamka na vipele."

Alianza kwenye paji la uso, akashuka mashavuni, akazunguka macho taratibu. Pamba ikatoka kahawia, ikatoka nyeusi, ikatoka nyekundu. Chini ya rangi kikatokea kile kikovu cha tetekuwanga, na uchovu, na uso wa mtoto aliyewahi kumnyonyesha. Machozi yalikuwa yakitoka chini ya kope zilizofumbwa. Akayafuta pia, kwa pamba ileile.

"Mama..."

"Funga mdomo, mafuta yataingia."

Binti aliufunga. Pumzi yake ikawa nzito, ikawa ndefu, usingizi ukampata kabla giza halijaingia dirishani. Mshona mapazia alifungua vifungo vyake, akalala ukingoni mwa kitanda, akampa mgongo. Alikaa macho akiutazama ukuta mpaka rangi yake ikapotea. Nyuma yake mkono wa binti, katika usingizi, ukateleza ukamfikia kiunoni, ukatulia hapo. Hakuuondoa, wala hakuushika. Aliusikia uzito wake, akausikia tena, kisha naye akalala.