Kaburi la Vipande Mia Sita na Kumi na Mbili

Kwanza ieleweke kwamba mimi sikumwambia mtu neno. Nasema hivi kwa sababu mpaka leo kuna wafanyakazi wenzangu wanaonitazama kwa jicho la pembeni, na mmoja wa kaunta ya wanasesere, kila nikipita, anakohoa. Akohoe tu.

Mimi ni mtunza stoo katika duka la vitu vya kuchezea watoto. Kazi yangu ni kupokea katoni, kuzihesabu, kuzipanga na kujibizana na madereva. Meneja wetu tunamwita Makufuli, maana hakuna kitu dukani ambacho hajakitia kufuli, hata kabati la mifagio.

Mwaka huo tuliletewa seti za matofali ya kuchezea za zile filamu za Falme za Ukungu. Namaanisha vile vitofali vidogo vya plastiki vinavyoshikana, ambavyo ukivikanyaga pekupeku gizani unamlaani aliyevibuni na ukoo wake wote. Seti zilikuwa za filamu ya nne, na filamu yenyewe ilikuwa haijatoka. Zilifika wiki tatu kabla ya siku ya kuuzwa, katoni thelathini za kaki zisizo na picha, kila moja ina mhuri mwekundu: isifunguliwe kabla ya tarehe. Makufuli akatukusanya wote tutie sahihi fomu. Tuliapa kutofichua yaliyomo "kwa maneno, kwa maandishi wala kwa picha, kwa mzazi, mwenza, mtoto, jirani au mtu mwingine yeyote". Atakayevunja, kazi hana. Wenzangu walitia sahihi huku wanacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu ya mambo yaliyokuwa yakiendelea nyumbani.

Baba yangu ni mwashi mstaafu. Nyumba tunayokaa aliijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, na mimi nilizaliwa chumba cha nyuma kikiwa bado hakina dirisha. Niliporudi humo baada ya ndoa kunishinda, hakuna aliyeniuliza swali. Mama alitandika kitanda, baba akatengeneza bawaba ya mlango, basi. Naipenda nyumba ile, na sioni haya kusema. Sasa, msimu wa mvua uliopita paa lilianza kuvuja juu ya sebule. Baba akapanda ngazi, akashuka, akapanda tena, akashuka, kisha akatupa nyundo uani na kupiga kelele: "Nyumba hii tunaiuza! Tunahamia kwa mdogo wangu!"

Baba mdogo anakaa mbali na anafuga mabata bukini wanaouma watu. Tulidhani ni hasira za siku moja. Lakini baba yangu ana ugonjwa wake: neno likishamtoka mdomoni, halirudi. Aliwahi kusema viatu vipya vinamtosha, akavivaa mwaka mzima akichechemea. Mama akamjibu kwamba yeye hatoki kwenye nyumba ile ila kwa kubebwa. Ikawa kila mlo ni mjadala, mpaka siku moja nikamkuta dalali sebuleni anapima chumba kwa hatua zake.

Hapo ndipo wazazi wangu walipokubaliana jambo ambalo sidhani kama wazazi wengine wangelikubali. Waliamua filamu ndiyo itoe hukumu.

Falme za Ukungu walianza kuzitazama kwa kumsindikiza mjukuu wao, mtoto wa kaka yangu. Mjukuu akachoka na filamu ya kwanza, wao wakaendelea. Mwishoni mwa filamu ya tatu ukuta wa ngome unamwangukia Mpiga Tarumbeta, jitu jema lenye masikio makubwa, skrini inakuwa nyeusi, na watu mnarudi makwenu na huzuni zenu. Tangu siku hiyo baba anashikilia kwamba amekufa. "Ukuta wa kimo kile, mawe matupu, bila nondo? Nimejenga kuta miaka arobaini. Hatoki mtu." Mama, ambaye ni mwalimu mstaafu, anashikilia kwamba yu hai. "Mwili umeuona? Hujauona. Basi huna jibu, una dhana."

Wakapeana mikono mbele yangu. Filamu ya nne ikionyesha Mpiga Tarumbeta amekufa, baba ameshinda na tunahama. Akiwa hai, mama ameshinda, tunabaki, na habari ya kuuza nyumba isisikike tena.

Alhamisi moja mchana, dereva akarudisha gari nyuma bila kutazama, akagonga rafu ya stoo. Katoni mbili zikaporomoka na moja ikapasuka upande. Makufuli akaja mbio, funguo zinamlia kiunoni.

"Ifunge! Ifunge bila kutazama!"

Hebu niambie, mtu anafungaje katoni bila kutazama? Nikapiga magoti na utepe wangu wa gundi, nikageuza uso kadiri shingo ilivyokubali, lakini macho hayana adabu. Boksi la kwanza kabisa lilikuwa limeandikwa Kaburi la Mpiga Tarumbeta. Vipande 612. Umri: miaka tisa na zaidi. Pichani palikuwa na kaburi la mawe ya kijivu na tarumbeta imelazwa juu yake, malkia amepiga magoti, na askari wawili wanalia. Kwa watu wa plastiki wasio na pua, walilia vizuri sana.

Niliyaona mabata bukini.

"Umeona kitu?" Makufuli akaniuliza.

"Sijaona."

"Vizuri. Na mimi sijaona."

Lakini sauti yake ilikuwa imepasuka, na baadaye kidogo nilimsikia akipenga kamasi ndani ya kabati la mifagio.

Nilifika nyumbani nimejipanga. Nikasalimia, nikaenda jikoni, nikanywa maji. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Lazima nieleze kwamba mama yangu amesimamia mitihani miaka thelathini na moja.

"Umekunywa glasi mbili bila kuketi," akasema.

"Kuna joto, mama."

"Mtoto aliyeiona karatasi ya mtihani hunywa maji namna hiyo."

"Mama, mimi nina miaka arobaini na mbili."

"Ndiyo maana ukanywa mbili."

Nikakimbilia chumbani kwangu. Akanifuata, akaketi kitandani, akaanza kunikunjia nguo. Hakuniuliza lolote, na hapo ndipo ujue huyu ni mtu wa hatari. Alikunja gauni la kwanza, akakunja la pili, kisha akaanza kuvumisha taratibu ule wimbo ambao Mpiga Tarumbeta huupiga kila alfajiri juu ya ukuta. Nikaukaza uso. Nikafikiria madereva. Alipofika pale wimbo unapopanda, machozi yakanitoka yenyewe.

Mama akaukatiza wimbo. Akaiweka nguo chini.

"Basi," akasema. "Pole, mwanangu."

Kuanzia jioni ile, mama hakuwa na amani. Huyu ni mwanamke aliyewahi kumtoa mtoto wa mkuu wa shule katika chumba cha mtihani kwa kukutwa na kikaratasi soksini, na mkuu mwenyewe amesimama pale pale. Kuchungulia jibu, kwake, ni sawa na kuiba. Na sasa jibu analo, na jibu linasema nyumba inaondoka. Nilimwona akipita ukumbini huku anaupapasa ukuta kwa kiganja. Nilimsikia jikoni akijisemea, "Nimeona karatasi. Mimi, nimeona karatasi." Chakula alikigusagusa tu. Na mimi nikawa siwezi hata kumfariji, kwa sababu kumfariji kungekuwa ni kufichua kwa maneno.

Jumapili mchana, tukiwa mezani watatu, akauweka uma chini.

"Mzee," akasema, "nimefikiri upya. Kwa kimo cha ule ukuta, naona ulisema kweli. Mpiga Tarumbeta amekufa."

Kijiko cha baba kikasimama hewani. Akamtazama mama. Akanitazama mimi. Nikatazama chumvi.

"Sasa hatuwezi kuwa upande mmoja wote wawili," mama akaendelea, sauti imekuwa nyembamba. "Kwa hiyo kama nimehamia kwako, itabidi wewe..."

"Basi mimi nasema yu hai," baba akasema, akakiingiza kijiko mdomoni.

Hivyo tu! Mtu aliyechechemea mwaka mzima kwa ajili ya neno moja, leo ameligeuza kati ya tonge na tonge, tena akaomba aongezewe mchuzi. Nilidhani hakusikia vizuri. Mama alikuwa amekodoa macho. Wakapeana mikono upya: akiwa amekufa, mama ameshinda na tunabaki; akiwa hai, baba ameshinda na tunahama. Nilimwonea baba huruma kweli. Nilikuwa namtazama mzee wa watu anatembea kwenda shimoni, na mimi ndiye niliyejua shimo liko wapi. Lakini kila nilipotaka kufungua mdomo, niliyakumbuka mabata.

Siku ya kuuza ikawadia, Jumamosi saa tatu asubuhi. Foleni ilianzia mlangoni mwetu ikazunguka mpaka kwa fundi viatu. Wazazi wangu walikuwa watu wa saba na wa nane. Baba amevaa koti lake la harusini, mama amekumbatia mkoba kifuani. Makufuli akafungua kufuli la kwanza, la pili na la tatu, akainua mlango wa chuma, na watu wakaingia hadi kwenye meza ya mbele nilikokuwa nimepanga maboksi usiku uliopita kwa amri yake.

Mwanamume mmoja mwenye ndevu, mtu mzima, akavua kofia. Mtoto mmoja akamuuliza mama yake, "Ndiyo amekufa kweli?" akaangua kilio, na wengine wakamfuatia.

Baba akavaa miwani. Akalichukua boksi moja, akalisoma mbele na nyuma.

"Vipande mia sita na kumi na mbili," akasema. Kisha, kwa kuwa hawezi kujizuia, "Angalia, maungio ya mawe yamefuatana juu kwa juu, hayakupishana. Kaburi hili halifiki mvua ya pili." Akalirudisha mezani, akamgeukia mama. "Hakuna haja ya kungoja filamu. Umeshinda, Mwalimu. Tunabaki. Leo leo nampigia simu dalali."

Kwa mtu aliyeshindwa, alikuwa na furaha isiyoelezeka. Alikuwa anasugua viganja.

"Hapana," mama akasema. "Matokeo yamefutwa."

"Yamefutwaje?"

"Nilijua jibu. Nililisoma usoni kwa huyu mwanao, wiki mbili sasa." Sauti ilikuwa ile ile ya chumba cha mtihani, na foleni nzima ikasikia. "Nimewafukuza watoto wa watu kwa kosa hilo hilo, siwezi kujisamehe mimi. Tunarudi tulipokuwa mwanzo. Mimi nilisema yu hai, wewe ulisema amekufa. Umeshinda wewe. Tunahama."

Makufuli akanigeukia polepole.

"Ulimwambia?"

"Sikusema, sikuandika, sikupiga picha."

Midomo yake ikawa inasomasoma fomu kichwani.

"Uso haumo," akasema kwa masikitiko makubwa.

Wala sikumsikiliza tena, maana baba alikuwa amepauka.

"Mwalimu, usifute."

"Nimeshafuta."

"Na mimi nilijua!" baba akapaza sauti. "Huyu aliitazama chumvi! Miaka arobaini na miwili naye, nisijue akiitazama chumvi ana maana gani?"

"Ulijua amekufa?"

"Nilijua."

"Ukasema yu hai?"

"Nikasema yu hai."

"Kwa nini?"

Baba akatazama sakafu, akatazama dari, akatazama foleni ya watu ambao sasa walikuwa wamesahau kabisa kilichowaleta. Mwenye ndevu alikuwa amesogea ili asikie vizuri.

"Kwa sababu sitaki kuhama," akasema. "Sijataka hata siku moja. Nilisema kwa hasira, na nilikosea. Naliondoa neno langu."

Nilishika ukingo wa meza. Tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia baba akisema neno lile, nilikosea, na nilivyoona, hata mama alikuwa halijui katika sauti yake.

"Rudia," akamwambia.

"Nilikosea. Sitaki kuhama."

"Sasa kwa nini ulisema tuuze?"

Akavua miwani, akaifuta kwa shati. Bila miwani alionekana mdogo.

"Paa linavuja," akasema, "na mimi naogopa ngazi. Nikifika kipandio cha tatu magoti yananitetemeka. Nimejenga maghorofa, Mwalimu. Sasa nimekaa sebuleni kwangu, maji yananidondokea kichwani, kwenye nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu, na siwezi kupanda. Niliona aibu. Nikaona heri tuiuze kuliko mnione hivyo."

"Pole, mzee," mtu mmoja akasema kutoka nyuma ya foleni.

Mama hakusema pole. Mimi nikaanza kulia tena mbele ya wateja. Yeye akamnyooshea baba kola ya koti.

"Tutaita fundi," akasema.

Baba akashtuka. "Fundi mwingine? Apande juu ya paa langu?"

"Apande juu ya paa lako. Na wewe utawekewa kiti uani, umsahihishe kutokea chini."

Baba akalitafakari jambo hilo.

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti utakayo."

"Kutwa nzima?"

"Na kesho yake," mama akasema.