Hodi ya Mtani

Marcelina hakuwa amewahi kuonana na Mwanajuma, lakini hapakuwa na mtu aliyemtukana mara nyingi kama huyo. Mwanajuma alikuwa Mzaramo wa Buguruni, Dar es Salaam, muuza asali kwenye chupa ndogo ndogo. Marcelina alikuwa Mnyamwezi wa Gongoni, Tabora, na ndiye aliyempelekea hiyo asali. Utani wa makabila yao ulianzia njiani, wakati wapagazi wa Kinyamwezi walipokuwa wakiteremka pwani na pembe za ndovu mabegani. Sasa ulikuwa umehamia kwenye simu.

"We mbeba pembe, umeamka?" Mwanajuma alikuwa akiuliza alfajiri.

"Nimeamka, mnywa tui. Nyie mnaamka saa ngapi huko, au mnasubiri nazi iwaangukie kichwani?"

Wakishatukanana hivyo ndipo walipozungumza kazi.

Ilikuwa biashara ya watu watatu na simu tatu. Wa tatu alikuwa mzee Valentino wa Ulyankulu, aliyepokea asali ya warinaji, akaichuja kwa kitambaa na kuijaza kwenye ndoo nyeupe zenye koki chini. Kila ndoo aliipa namba na kuipiga picha ikiwa wazi. Amri ya picha ilikuwa ya Marcelina: mwanga uwepo, rangi ionekane. Akiipenda picha alituma alama ya dole gumba, ndoo ikafungwa na kupandishwa gari. Miezi saba alikuwa hajakanyaga Ulyankulu. Kwenye kikundi cha kina mama kanisani alikuwa akisema, "Mimi siku hizi kazi yangu ni kidole tu," na wenzake walicheka kwa kumstahi.

Jumatatu ujumbe wa Mwanajuma uliingia akiwa anakunywa uji.

"We Mnyamwezi, ndoo namba saba inanuka mzoga. Mmeanza kututilia na kitoweo?"

Marcelina alicheka hadi uji ukampalia. Akajibu kwamba pua ya Mzaramo imezoea samaki wa juzi, asali itaijulia wapi.

"Nasema kweli."

Hiyo nayo ilikuwa ya kawaida. Watani wote husema kweli. Marcelina alituma vikatuni vitano vya kucheka, akaongeza asali kwenye uji. Ilikuwa ya ndoo hiyo hiyo namba saba. Kabla ya kusafirisha alikuwa na desturi ya kufungua koki na kujikingia chupa moja.

Siku ya tatu Mwanajuma alituma video, bila neno.

Ulionekana mkono ukifungua mfuniko. Ulionekana ute wa povu la kijivu. Kisha kijiko kiliingia pembeni, kikainua kitu chenye manyoya yaliyogandamana, na mkia ukafuata nyuma ukidondosha asali taratibu, tone baada ya tone, kama vile bado ni kitu cha kulamba.

Marcelina aliweka simu kifudifudi mezani. Alikimbilia uani, akashika ukuta kwa mikono miwili, akatapika uji, akatapika maji, kisha akatapika pumzi tu. Wiki nzima alikuwa anaila ile asali. Si yeye peke yake. Jumapili aliipeleka kwenye chai ya kina mama baada ya ibada, na mama mchungaji alikuwa amelamba kijiko, akakirudisha kwenye chupa, akalamba tena.

Alisukutua kinywa mara nne. Ladha haikutoka. Akapiga magoti kando ya kitanda, lakini kila alipofumba macho aliuona ule mkia, na sala yote ikaishia kwenye maneno machache: Bwana, nimewalisha watu wako uchafu.

Aliporudi kwenye simu alikuta maandishi.

"Dada Marcelina, habari za asubuhi. Naomba kujua ndoo zilizobaki ni za mkono ule ule? Ahsante."

Dada Marcelina. Ahsante. Hapo ndipo alipoogopa. Mtani akianza kukusemesha kwa adabu, ujue amekutoa moyoni. Na ndoo kumi na mbili za Valentino zilikuwa stendi wakati huo, zikisubiri gari la saa nane.

Akaenda mbio. Stendi alimwomba Omari, msimamizi wa mizigo, amtolee ndoo zote nje. Akampigia Mwanajuma simu ya video, akaegemeza simu kwenye gunia la karanga.

"Unaniona?"

"Nakuona, dada."

"Nafungua zote. Utazame."

Ya kwanza ilikuwa safi. Ya pili, safi. Ya tano ilikuwa na mende watatu waliolala chali kwenye povu, miguu juu. Ya tisa ilikuwa na kitu ambacho Omari alisema ni mjusi na Marcelina hakutaka kuhakikisha. Nzi walijaa. Mikono ilimnata mpaka viwikoni, na harufu tamu aliyoipenda tangu utoto ikawa inamsukuma nyuma kama mlango wa choo cha stendi.

"Mama, hii si asali tena," alisema Omari, akijifunika pua kwa shati. "Hii ni supu."

Mwanajuma hakucheka. "Nimeona, dada. Mimi nitatafuta asali ya Singida kwanza. Ubaki salama." Akakata.

Marcelina alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hasira yote ikamwelekea Valentino. Mzee mchafu, aliwaza, mzee mwenye picha nzuri. Akafungua picha ya namba saba apate ushahidi wa kumtia aibu, akaikuza kwa vidole. Pembeni ya povu kulikuwa na uzi mweusi uliopinda. Chini ya picha kulikuwa na dole gumba. La kwake.

Alitaka kumwandikia maneno makali. Badala yake, akipandisha juu mazungumzo, aliona ujumbe wa sauti wa Valentino wa miezi miwili nyuma. Dakika sita. Aliukumbuka: alisikiliza mwanzo, salamu za wajukuu na habari za mvua, akauacha. Jumbe za mzee zote zilikuwa ndefu hivyo. Safari hii aliusikiliza wote, sikio likinata kwenye simu.

Dakika ya kwanza, wajukuu. Ya pili, mvua. Ya tatu, aliombea biashara kwa jina la Yesu. Dakika ya tano ilikuwa hii:

"Sasa mwanangu, warinaji wanafika jioni. Nikimaliza kuchuja ni giza, na wewe ulisema picha iwe na mwanga. Basi naziacha ndoo wazi hadi kunapambazuka. Nafunika kwa kanga, lakini panya wa huku ni wasumbufu, na macho yangu siku hizi hayaoni vidogo. Naomba uniambie, nifunge au niache? Nitafanya utakavyosema."

Na Marcelina hakumwambia afunge wala aache. Siku ile alituma dole gumba.

Kichefuchefu kilirudi, lakini sasa hakikuwa cha panya. Alijiona yeye mwenyewe, mama wa kidole, akipangusa sauti ya mzee kwenye kioo kama mtu anayepangusa kamasi.

Akapiga. "Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Wajukuu..."

"Niambie wajukuu, mzee. Niambie yote." Akasikiliza. Kisha akamweleza kuhusu panya, na kuhusu ile dakika ya tano.

"Kwa hiyo nifunge," alisema mzee.

"Funga palepale unapomaliza. Picha tuiache. Kesho nakuja."

Asali ya ndoo zote kumi na mbili aliizika shimoni nyuma ya stendi, na ya zile safi pia, kwa kuwa hakuweza tena kuiamini. Jumapili alisimama mbele ya kina mama akasema walichokula. Mama mchungaji alitoka nje haraka, na wengine hawakumsalimia wiki mbili.

Kwa Mwanajuma alituma ujumbe mmoja tu. "Ulisema kweli, nikadhani utani. Mtani huingia bila hodi. Basi tukiwa na la kweli, tuanze kwa kupiga hodi, na mwingine aitike karibu bila mzaha. Nakutumia ndoo mbili mpya. Zifungue kabla ya kuziuza."

Ndoo zilisafiri. Siku ya nne, asubuhi, ujumbe wa Mwanajuma uliingia.

"Hodi."

Akaandika haraka. "Karibu."

"Nimefungua zote mbili, nimezimimina kwenye beseni, nimezichuja upya. Safi. Lete nyingine kumi."

Marcelina alisema ahsante Bwana kwa sauti. Kabla hajaandika chochote ujumbe mwingine uliingia, huu bila hodi.

"Na safari hii, mla panya, nyama ubaki nayo mwenyewe."

Alicheka, machozi yakamtoka. Akamjibu kuhusu tui. Kisha akavuta bakuli la uji, akatazama chupa ya asali mpya iliyokuwa kando yake, akaisukuma mbali, akaunywa uji bila kitu.