Inchi Nne za Chokaa

Kocha wa shule yetu akifukuzwa hapotezi kazi peke yake. Nyumba ni ya shule, bima ya matibabu ni ya shule. Hapa Calder Flat, kwenye nyanda za pamba za magharibi ya Texas, kila mtu analijua hilo, lakini hakuna aliyelitamka mbele yangu mpaka timu ya mume wangu Wade, ya mpira wa Kimarekani ule wa kubebwa mikononi, ilipofungwa mechi ya tisa mfululizo. Ndipo Clint Vordenbaum, mwenyekiti wa bodi ya shule, alipokuja jikoni kwangu akavua kofia.

"Jolynn, mwambie mumeo ashinde hii ya mwisho," alisema. "Moja tu. Nikiwa na moja mkononi, kwenye kikao cha bodi Jumanne nitajua namna ya kuwatuliza wenzangu."

Binti yetu Odette ana miaka miwili, na ana tundu moyoni. Upasuaji wake ulikuwa umepangwa Machi, hospitalini kule Lubbock. Wade akiondolewa, bima ingekoma Desemba. Mengine yote ningeweza kuyameza: kuhama, maneno ya watu, kulala kwa mama mkwe. Hilo la Machi lilikuwa halimezeki.

Mechi ya mwisho ilikuwa dhidi ya Shallow Creek, majirani zetu wa maili kumi na moja. Mvua ya mawe ilikuwa imevunja taa za uwanja, kwa hiyo badala ya Ijumaa jioni tukacheza Jumamosi mchana, jua kali na vumbi la pamba puani. Mimi sikukaa jukwaani. Mwenyeji ndiye anayetoa watu wa mnyororo, na Delbert, mmoja wa watu wetu, alikuwa amepasuliwa goti. Wakakosa mtu, wakanipa mimi.

Kazi yenyewe ni hii. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi kumi. Ikifika, inapewa manne mengine. Isipofika, wapinzani wanachukua mpira. Hizo yadi kumi zinapimwa kwa mnyororo wenye nguzo mbili, ya nyuma na ya mbele, ambao tunautembeza pembeni mwa uwanja. Mimi nilishika kibanio. Kila timu inapoanza majaribio yake, nakibana kwenye mnyororo pale unapokatiza mmoja wa mistari ya chokaa iliyochorwa kila baada ya yadi tano. Wakitaka kupima, mnyororo unabebwa hadi ulipo mpira, kibanio kinawekwa kwenye mstari uleule, na nguzo zinakaa sawasawa na zilivyokuwa.

"Ukingo wa nyuma," Wade alinifundisha wiki nzima, kwa kamba ya kuanikia nguo na utepe mweupe sakafuni. "Mstari una unene wa inchi nne. Bana ukingo wa nyuma, siku zote. Ukibana wa mbele umenipa inchi nne za bure, au umeninyang'anya."

Watu wa mnyororo husimama upande wa wageni, na wageni wana midomo.

"Shemeji, huo mnyororo ni wa kupimia au wa kumfungia kocha asitoroke?" aliuliza mwanamume mmoja nyuma yangu, huku akila chipsi za mahindi zilizomwagiwa nyama na maharage.

"Mwache," mwenzake akasema. "Anafanya mazoezi ya kufunga mizigo."

Mzee Royce, aliyekuwa akisambaza barua mji mzima kabla hajastaafu, ndiye aliyeshika nguzo ya mbele. Aligeuka akawatazama. "Nyie mlikuja kuangalia mpira au kutongoza? Kula chipsi zako."

Mwamuzi wa upande ule wa uwanja, bwana mmoja mwembamba aitwaye Pruitt, aliniambia kwa upole kabla ya kuanza: "Mama, ukiwa hapa huna timu. Hushangilii, hulii. Wewe ni rula."

Nikawa rula. Robo tatu nzima niliuma ulimi.

Zikabaki dakika mbili, tukiwa nyuma pointi ishirini kwa kumi na saba, na mpira ni wetu. Vijana wa Wade walikuwa wanasogea. Tulipata majaribio manne mapya karibu na mstari wa yadi arobaini kutoka goli lao. Nikapiga magoti kubana. Wakati huohuo nikamwona mama mkwe wangu, ng'ambo kule jukwaani, amemwinua Odette na kumgeuza uso kwenye mwanga, kama tunavyofanya tunapotaka kuangalia kama midomo yake imegeuka bluu. Nilitazama. Odette akapunga mkono. Alikuwa mzima. Nikainuka, kibanio kimeshabanwa.

Jaribio la kwanza, yadi tatu. La pili, tano. La tatu, hakuna kitu. Wade hakuwa na mapumziko hata moja ya kuita. La nne akaagiza mpira apewe Efraín Luján, mtoto wa fundi wa matrekta, naye akajitosa kichwa mbele katikati ya lundo la miili. Waamuzi walipowatoa mmojammoja, hakuna aliyeweza kusema kama amefika. Saa ikasimamishwa. Zilibaki sekunde hamsini na nane.

"Mnyororo," akasema Pruitt.

Akainama akakishika kibanio, na sisi tukabeba nguzo hadi katikati. Nilisikia mnyororo ukiburuzika kwenye nyasi. Pruitt akakiweka kibanio kwenye ukingo wa nyuma wa mstari. Mzee Royce akauvuta mnyororo ukakaza, akaisimika nguzo ya mbele.

Mpira ulikuwa umeipita nguzo kwa vidole viwili.

Upande wetu ulilipuka. Wade alipiga magoti kule ng'ambo akafunika uso. Mimi nilikuwa naangalia mkono wa Pruitt na kile kibanio kwenye ukingo wa nyuma. Ndipo nilipokumbuka. Nilipopiga magoti kule pembeni, goti langu lilikuwa juu ya chokaa, na kibanio kilikuwa mbele ya goti. Nilitazama chini. Suruali ilikuwa nyeupe gotini. Nilibana ukingo wa mbele. Mnyororo wote umerudi nyuma inchi nne, na nguzo imerudi nao.

Hatukufika.

Tulirudi pembeni. Mzee Royce aliniangalia usoni, akashusha macho hadi kwenye goti langu. Miaka thelathini ameshika nguzo ile. Hakuhitaji kuambiwa.

"Funga mdomo, binti yangu," alinong'ona. "Mnyororo umeshasema."

"Mzee, nilibana..."

"Najua ulivyobana. Mfikirie mtoto."

Mtoto ndiye niliyekuwa namfikiria. Vijana walikuwa wanajipanga. Mpira ukishachezwa, hakuna kurudi nyuma tena. Nilikuwa na sekunde kumi, labda kumi na mbili. Nilijiambia: inchi nne, nani amewahi kufa kwa inchi nne? Nikajijibu: na nani ataponywa kwa inchi nne za uongo? Lakini jibu hilo halikuwa na nguvu yoyote. Daktari haulizi bima imepatikanaje. Naandika haya na bado sijui ni nini kilichonifungua kinywa.

"Bwana Pruitt," nikasema. "Nilikosea. Nilibana ukingo wa mbele."

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Unajua unachosema, mama?"

"Najua."

Akapuliza filimbi.

Wakapima upya. Mpira ulipungua vidole vitatu. Shallow Creek wakachukua mpira, wakapiga goti na mpira mkononi mara mbili ili saa iende tu, muda ukaisha.

Watu wetu hawakujua kilichosemwa pembeni. Waliona mwamuzi ametoa kisha amenyang'anya. Walishuka jukwaani wakimfuata Pruitt hadi kwenye gari lake. Nami nilikuwa nimekaa na mnyororo mapajani, siwezi kuukunja, wakati Wade alipovuka uwanja pamoja na Clint Vordenbaum.

"Tumeibiwa mchana kweupe," Clint alikuwa anasema, mkono begani kwa Wade. "Na mimi nitaisema hivyohivyo Jumanne. Mtu hafukuzwi kwa mechi aliyoibiwa. Umenisikia? Una mwaka mwingine, kijana."

Wade alinitazama mimi, macho yamejaa. Alikuwa anatabasamu. Sikuwa nimeliona tabasamu lile tangu Agosti.

Pale ningeweza kunyamaza. Mzee Royce alikuwa ameshaondoka, na Pruitt nani angemsikiliza? Kule kwenye maegesho mtu alikuwa amesimamisha gari lake nyuma ya gari la Pruitt asitoke, na mwingine anamwagia kioo chake soda.

"Hatukuibiwa," nikasema. "Kosa la kibanio ni langu. Nilimwambia mimi mwenyewe apime upya."

Clint aliutoa mkono begani kwa Wade. "Ulimwambia," alisema polepole. "Mke wa kocha." Akavaa kofia yake akaondoka.

Wade alinigeukia. Nilingoja anitukane. "Ungeniambia mimi kwanza," alisema.

"Kulikuwa na sekunde kumi."

"Jolynn, Machi."

"Najua, Wade."

Alitembea mbali nami hadi maegeshoni. Sauti yake niliisikia kabla sijafika, sauti ya mazoezini. "Kipimo ni sahihi. Mnyororo ulikuwa wetu, kosa letu. Earl, ondoa gari lako."

"Kocha, unajichimbia kaburi."

"Nimesema ondoa gari, Earl. Mwache mzee wa watu aende kwake."

Lilichukua muda, lakini liliondolewa. Pruitt alipita na vioo vimefungwa, hakutuangalia hata mmoja wetu.

Halafu Wade akaingia chumba cha kubadilishia nguo, kwa wale vijana waliokuwa wakimsubiri. Hakunitazama alipopita. Mama mkwe akanikabidhi Odette bila kuuliza. Mtoto alikuwa amesinzia, akihema harakaharaka kama kawaida yake, uzito wake wote begani mwangu. Nikasimama nje ya mlango ule, nikijaribu kulikumbuka jina la yule mama wa hospitali ya Lubbock ambaye, niliwahi kuambiwa, huwatafutia matibabu watoto wasio na bima.